UZI WA WALIMU WA FASIHI: Mwanafunzi anataja "ndoa, mapenzi, ukombozi" halafu anakwama. Tunamfundishaje kuchambua dhamira ya riwaya?

Ubao Mweusi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Uzi huu ni wa tatizo moja tu. Mpe mwanafunzi wa kidato cha sita swali la dhamira katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, atakujazia ukurasa mzima: ndoa za kulazimishwa, ukombozi, mapenzi, matabaka, nafasi ya mwanamke. Muulize "umejuaje?", anaangalia dari. Orodha kaikariri kwenye kitini cha uchambuzi, riwaya yenyewe bado inanukia duka.

Kosa linaanzia kwetu. Tunaandika "DHAMIRA" ubaoni, tunapiga mstari chini yake, tunaanza kuorodhesha. Mwanafunzi amepewa jibu kabla hajakutana na swali. Na hilo jibu lenyewe ni nusu, kwa sababu neno kama "ndoa" ni mada tu. Dhamira ni kile ambacho riwaya inakisema kuhusu hiyo ndoa. Kwa hiyo lazima iwe sentensi yenye kitenzi, na mtu mwingine aliyesoma kitabu hichohicho aweze kuibishia.

Utaratibu ninaoutetea ni kuanzia kwenye tukio na kupanda juu. Chukua sehemu ya mwanzo, pale tunapoelezwa kuwa Yasmin ana miaka 15 na Bwana Raza anayemuoa ana miaka 52. Vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80:

Dakika 10, soma kwa sauti kipande kisichozidi ukurasa mmoja na nusu, mara mbili. Mara ya kwanza vitabu vimefungwa, wanasikiliza. Mara ya pili wanapiga mstari kwa penseli pale panapowakera.

Dakika 5, kila mtu peke yake, kimya, kwa maandishi: hapa nani ameamua, na nani hakuulizwa?

Dakika 20, vikundi vya watu watano vinajaza jedwali la safu nne: tukio, anayenufaika, anayeumia, na msimulizi anaegemea wapi. Safu ya nne wataiacha wazi. Usiwajazie.

Dakika 25, mjadala wa darasa zima.

Dakika 15, kila mmoja anaandika sentensi yake ya dhamira na matukio mawili ya kuibeba.

Dakika 5 zilizobaki zinaliwa na kusogeza madawati, tusidanganyane.

Sentensi ya dhamira haitoki safi mara ya kwanza. Kwa kawaida inapita hatua tatu:

"Dhamira ni ndoa." Hiyo ni mada.

"Ndoa za kulazimishwa ni mbaya." Hayo ni mahubiri, hata ambaye hajakifungua kitabu angeyasema.

"Ndoa ambayo wakubwa waliipanga bila kumuuliza Yasmin ndiyo inayomtoa mikononi mwao." Hapo sasa kuna kazi. Mwanafunzi analazimika kuonesha arusi, kutoroka Mombasa alikopelekwa na mumewe na kurudi Unguja, ndugu kumfungia mlango, na Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kumfungulia wake. Matukio manne, yanafuatana, na kila moja linasukuma lingine.

---

Chaki ya Njano

Mkuu, somo zuri sana, ila hilo ni darasa la watu thelathini wenye vitabu. Weka hapo wanafunzi 76 na nakala 9. Utaratibu wako unafia dakika ya kumi na moja.

---

Binti Pangani

@Chaki ya Njano, haufi, unabadilishwa. Hesabu ni hii: nakala 9 ni vikundi 9, yaani vitano vya watu wanane na vinne vya watu tisa. Watu wanane kitabu kimoja ni fujo, ndiyo. Kwa hiyo kipande cha kuchambua usikitegemee kitabuni. Kinakiliwe kwenye karatasi ya manila kwa maka peni, herufi za kuonekana nyuma ya darasa, na kila mstari wa tano upewe namba pembeni. Namba ndizo zinazookoa mjadala, maana mwanafunzi wa nyuma atasema "mstari wa saba" badala ya "pale chini kidogo". Iandikwe jana yake. Anayenakili mbele ya darasa anapoteza robo saa na watoto wote.

Kitabu kimoja cha kikundi kinabaki kuwa ghala la ushahidi. Ndani ya kikundi gawa kazi: wawili wanashika kitabu na kutafuta, mmoja anaandika, mmoja anasema kwa niaba yao, na mmoja ni mpinzani, kazi yake ni kuuliza tu "hilo liko wapi?". Waliobaki wanapewa mhusika mmoja mmoja wa kumfuatilia. Zungusha majukumu kila wiki. Usipozungusha, yule mwenye hati nzuri atakuwa karani hadi siku ya mahafali na hatatoa hoja hata moja.

Angalizo la kurasa: matoleo yanatofautiana, kwa hiyo "ukurasa wa 40" wa huyu siyo wa yule. Wafundishe kutaja sura na tukio. Hata kwenye mtihani, msahihishaji anachotafuta ni tukio.

---

Msomi wa Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Kabla hamjaenda mbali, kuna mtego wa istilahi hapa. Huku kwetu "maudhui" ndiyo hayo mnayoyaita dhamira: ufisadi, ukabila, elimu, ndoa. "Dhamira" kwetu ni lengo la mwandishi, lile jambo kuu analokusudia msomaji aondoke nalo. Bongo "maudhui" ni kapu zima, ndani yake mna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo, na kapu la pili ni fani, yaani namna kazi ilivyojengwa: lugha, wahusika, muundo. Mwalimu akipakua notisi za ng'ambo ya mpaka bila kuwaeleza wanafunzi, anawachanganya kabisa. Swali la "fafanua dhamira ya mwandishi" linamtaka mwanafunzi wa Kenya jambo moja kuu, naye anaandika orodha ya maudhui sita.

La pili ni swali la dondoo. Karatasi ya tatu ya Kiswahili kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina alama 80, saa mbili na nusu, maswali manne ya alama 20 kila moja. Dondoo la riwaya huanza na "eleza muktadha wa dondoo hili", alama 4: msemaji, msemewa, mahali, sababu ya kusemwa. Hizo wanazoa. Wanaanguka kwenye sehemu inayofuata, inayotaka maudhui yaliyomo, kwa sababu wanarudia kusimulia kisa. Tatizo ni lile la Ubao Mweusi, limevaa nguo nyingine.

Dawa inayofanya kazi: mkataze neno "halafu" kwenye aya ya uchambuzi. Anayesimulia hawezi kuandika mistari mitatu bila "halafu" au "kisha". Anayechambua anahitaji "kwa sababu", "hii inaonyesha", "ilhali", "hata hivyo". Ni ujanja wa kitoto, lakini unasafisha aya kuliko mhadhara wa saa nzima.

---

Ubao Mweusi

@Msomi wa Kilifi umenigusa hapo kwenye istilahi. Kwa uzi huu basi tukubaliane: dhamira kwa maana ya Tanzania, na ninyi mtafsiri kichwani.

---

Kidato cha Sita B

Shikamooni walimu. Mimi ndiyo naanza kufundisha. Swali langu: ukiuliza "Je, Yasmin alikosea kutoroka?" darasa linalipuka, dakika tano tu limefika kwenye dini, mahari, dada wa fulani wa mtaani aliyeolewa akiwa mdogo. Riwaya imeshasahaulika. Nirudi kuuliza maswali ya "taja na eleza"?

---

Binti Pangani

Marahaba. Usirudi huko. Swali lako ni zuri, kilichokosekana ni uzio. Weka kanuni moja kabla ya mjadala: hoja haihesabiki mpaka ianze na tukio la kitabuni. Mtu akisema "huko mtaani kwetu…", mpinzani wa kikundi anauliza "kwenye riwaya ni wapi?". Ya mtaani yana nafasi yake, mwishoni, pale wanapohusisha na jamii. Yakitangulia yanameza kila kitu.

Pia chagua swali lenye pande mbili ambazo zote zina ushahidi. Pima mwenyewe kwanza: andika matukio matatu ya upande huu na matatu ya upande ule. Upande mmoja ukikosa hata mawili, hilo siyo swali la mjadala, ni mtego tu, na wanafunzi wanaunusa. "Je, ukoloni ni mbaya?" haina wa kuibishia. "Je, Denge, yule mpigania uhuru anayependana na Yasmin, ndiye anayemkomboa, au Yasmin anajikomboa mwenyewe?" ina nyama kila upande. Wa kwanza watamleta Denge na siasa zake, jinsi anavyomfungulia dunia ambayo hakuijua. Wa pili watakumbusha kwamba Yasmin alishatoroka Mombasa kabla hajamjua Denge. Hapo utasikia vitabu vinafunguliwa bila kuamrishwa.

Na ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Sekunde kumi mbele ya darasa ni ndefu kama foleni ya Kariakoo, lakini wengi wetu tunajibu swali letu wenyewe kwenye ya tatu. Wasichana wakimya na wanaoogopa kukosea matamshi watachangia zaidi kama waliandika kwanza, kwa hiyo zile dakika 5 za kimya za Ubao Mweusi usizikate hata muda ukibana. Kata kitu kingine.

---

Mzee wa Insha

Mmezungumzia mjadala, sasa ngoja nilete kwenye karatasi, maana ndiko mwanafunzi anakopimwa.

Swali la kawaida la kidato cha nne linataka riwaya mbili, hoja tatu kila moja. Hoja sita. Mwanafunzi anaandika kurasa nne na anavuna alama kiduchu. Tazama aya hii, ya aina tunayoisahihisha kila siku, kuhusu riwaya ya Takadini ya Ben Hanson:

"Dhamira nyingine ni unyanyapaa. Unyanyapaa ni hali ya kumtenga mtu. Mwandishi ameonesha dhamira hii kupitia Takadini ambaye alitengwa. Hata katika jamii yetu watu wanatengwa hivyo tuache."

Hakuna kosa la sarufi, na hakuna uchambuzi. Sentensi ya pili ni kamusi, ya nne ni bango la barabarani. Iliyobeba kitabu ni ya tatu peke yake, nayo haisemi nani alimtenga, wapi, kwa kisingizio gani.

Sasa hii:

"Katika Takadini, unyanyapaa unasimamiwa na mila kabla ya kusimamiwa na watu. Mtoto anazaliwa akiwa na ualbino, na desturi ya kijiji imeshaamua kwamba hapaswi kuishi. Baba yake, Makwati, analemewa na desturi hiyo. Mama yake, Sekai, anapotoroka naye anaikimbia sheria nzima, wala siyo mtu mmoja mwenye roho mbaya. Ndiyo maana hata kijiji cha Mtemi Masasi kinachowapokea hakimalizi tatizo: wanapewa hifadhi, lakini Takadini bado anakwepwa na wenzake."

Nafundisha kuipima kwa alama 5 za darasani, ambazo siyo za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), ni zetu tu: 1 kwa sentensi ya dhamira inayobishika, 1 kwa tukio lenye jina la mhusika na mahali, 2 kwa ufafanuzi wa kwa nini tukio hilo linathibitisha, 1 kwa kuunganisha na tukio lingine au na jamii. Ufafanuzi una 2 kwa makusudi. Wape wasahihishane wao kwa wao kwa kipimo hicho, kalamu ya rangi tofauti, na wapige mstari chini ya sentensi ya ufafanuzi. Wakikosa pa kupiga mstari, wamejionea wenyewe.

Kosa jingine ni hoja mbili zilizo moja. "Unyanyapaa", "ubaguzi", "kutengwa": mwanafunzi anahesabu tatu, tukio ni lilelile la Takadini kukwepwa. Kanuni: hoja mpya, tukio jipya.

---

Chaki ya Njano

Mzee, mfano wa Takadini umekaa vizuri. Kuna jambo walimu wanalisahau na kitabu hicho. Darasani anaweza kuwepo mwanafunzi mwenye ualbino. Usimgeuze kielelezo, usimuulize "wewe unajisikiaje?" mbele ya wenzake, na neno "zeruzeru" likitoka kwa mtu, lisimamishe hapohapo: tunasema mtu mwenye ualbino. Akitaka kuchangia mwenyewe, atachangia kama msomaji mwingine yeyote.

Na jina lenyewe ni mlango mzuri wa kuingilia. Hadithi iko Zimbabwe, na jina hilo kwa Kishona ni swali: tumefanya nini? Anza kipindi kwa kuliandika ubaoni na kuuliza: swali hili linaulizwa na nani, na nani anapaswa kulijibu? Kikundi kimoja kitasema ni mama anaiuliza mizimu, kingine kitasema ni mtoto anakiuliza kijiji. Kila mmoja alete tukio.

---

Msomi wa Kilifi

Anwani ya kitabu huwa inasahaulika sana, asante kwa kuitaja. Vuta N'kuvute nayo ni zawadi. Chora kamba ubaoni, mstari mmoja mrefu, fundo katikati. Waulize nani yuko upande gani. Watakuja na jozi nyingi: Denge na serikali ya Waingereza, Yasmin na jamii yake, Yasmin na Bwana Raza. Halafu uliza swali la pili: kuna mhusika anayeshika kamba mbili kwa wakati mmoja? Hapo ndipo wanapogundua kwamba mgogoro wa nyumbani na mgogoro wa kisiasa vimefungwa pamoja, na kwamba "ndoa" na "ukombozi" kwenye orodha ya kitini hazikupaswa kuwa vichwa viwili vilivyotengana.

---

Kidato cha Sita B

Nimewaelewa. Lakini mwanafunzi akiuliza "mwandishi anasimama wapi?" mimi mwenyewe nababaika. Mhusika akisema jambo, si ndiyo mawazo ya mwandishi?

---

Mzee wa Insha

Hapana, na hapa ndipo hata vitini vingi vinapoteleza. Mhusika anaposema mtoto mwenye ualbino ni laana, mwanafunzi mvivu anaandika "mwandishi anaamini…". Wape sehemu tatu za kuchungulia. Kwanza, mwisho wa mhusika: riwaya inamlipa au inamwadhibu kwa msimamo wake? Pili, sauti ya msimulizi: anapomwelezea mhusika huyo anatumia maneno ya upole, ya kejeli au makavu? Tatu, nani anapewa nafasi ya kujibu: maneno yake yanapita bila kupingwa, au sura inayofuata inayapindua? Mbili kati ya hizo zikielekea upande mmoja, mwanafunzi ana haki ya kusema "mtazamo wa mwandishi". Ikielekea moja tu, aandike "mhusika anaamini".

Hiyo ndiyo safu ya nne ya jedwali la Ubao Mweusi, ile wanayoiacha wazi.

---

Ubao Mweusi

Ndiyo hiyohiyo. Na wasipoijaza wiki ya kwanza, msiwagombeze. Inajazika kuanzia kipande cha tatu au cha nne, wakishazoea kumsikia msimulizi kama mtu.

Dhamira kuu pia inawasumbua, wanaichagua kwa kura. Tumieni kipimo cha kuondoa: iondoe kichwani, uone riwaya inabakiwa na nini. Ondoa ulevi wa mhusika fulani, kisa kinaendelea. Ondoa ndoa ya Yasmin, hakuna Mombasa, hakuna kutoroka, hakuna kufika kwa Mwajuma. Ondoa ukoloni, Denge hana kazi. Kwa hiyo watabishana ipi kati ya hizo mbili ndiyo kuu, na wabishane.

Kuhusu vitini: kuvipiga marufuku hakusaidii, vinasomwa chini ya dawati. Chukua sentensi moja ya kitini, iandike ubaoni, kipe kila kikundi dakika 15 kutafuta tukio moja la kuiunga mkono na moja la kuipinga. La kupinga ndilo lenye faida. Mfano, kitini kinasema Yasmin ni ishara ya mwanamke aliyejikomboa. Kikundi kikikujia na hoja kwamba mwisho wa riwaya anaolewa tena, na Bukheti, usiwape jibu. Waulize ndoa hii ya pili inatofautianaje na ya kwanza, na warudi kwenye swali la mwanzo kabisa: nani ameamua, na nani aliulizwa?

---

Binti Pangani

Nyongeza fupi ya kupima kama wameshika njia au wamekariri somo lako: mwisho wa muhula wape ukurasa mmoja wa riwaya ambayo haipo kwenye orodha ya mwaka, bila jina la kitabu. Dakika 40. Sentensi moja ya dhamira, matukio mawili, mtazamo wa msimulizi. Anayekariri ataandika "mapenzi" na kuweka kalamu chini.

---

Chaki ya Njano

Sawa, nimeshawishika. Wiki hii manila: kipande cha Mwajuma kumpokea Yasmin. Mistari ishirini inatosha?

---

Binti Pangani

Kumi na miwili. Zaidi ya hapo herufi zinakuwa ndogo na wa nyuma wanaanza kupiga soga. Na nunua gundi ya karatasi mapema, manila ikianguka katikati ya mjadala hawarudi tena.